Devilman Crybaby: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kabla ya Kuiangalia

Ukurasa huu umeanza na wale ambao hawajaiona hata dakika moja, ukaishia kwa walioimaliza na bado wamechanganyikiwa. Mpaka kufika sehemu ya mwisho ya ukurasa, yenye onyo lake, hakuna siri kubwa ya hadithi iliyofichuliwa.

## Mambo ya msingi

Devilman Crybaby ni nini hasa?

Ni anime (filamu ya katuni) ya kutisha kutoka Japani, yenye sehemu 10, iliyoachiwa yote kwa mkupuo mmoja Netflix tarehe 5 Januari 2018. Kila sehemu ina dakika 25 hivi, kwa hiyo hadithi nzima inakula saa nne na kidogo. Mwongozaji ni Masaaki Yuasa, mwandishi wa mswada ni Ichiro Okouchi, muziki ni wa Kensuke Ushio, na imetengenezwa na studio ya Science SARU, ambayo Yuasa aliianzisha mwaka 2013 pamoja na Eunyoung Choi.

Kisa chenyewe ni hiki. Akira Fudo ni kijana wa sekondari, mpole, machozi hayako mbali. Wazazi wake wako mbali kikazi, naye analelewa na familia ya msichana aitwaye Miki Makimura. Siku moja rafiki yake wa utotoni, Ryo Asuka, anarudi na habari nzito: mapepo wapo kweli, waliitawala dunia kabla ya binadamu, na sasa wanajipenyeza katika miili ya watu. Njia pekee ya kupambana nao, kwa maneno ya Ryo, ni mtu mwenye moyo safi aingiwe na pepo halafu amshinde kwa ndani. Akira anakubali. Anatoka na mwili wa pepo Amon na moyo wake uleule wa zamani.

Je, ni hadithi mpya au imetoka kwenye kitabu?

Imetokana na manga (hadithi ya katuni ya kusoma) ya Go Nagai iliyochapishwa katika jarida la Weekly Shonen Magazine kati ya mwaka 1972 na 1973. Wakati huohuo ilitoka anime ya televisheni yenye sehemu 39, lakini ile ililainishwa sana: shujaa anapigana na dubwana moja kila wiki, mambo yanakwisha. Crybaby, iliyotengenezwa kuadhimisha miaka 50 ya kazi ya Nagai, ndiyo iliyothubutu kuihuisha hadithi ya manga hadi mwisho wake, bila kumhurumia mtazamaji.

Wenye umri mkubwa kidogo waliokulia Muscat au kwingineko Ghuba wanamjua Nagai bila kujua kwamba wanamjua. Ndiye aliyebuni Grendizer, lile roboti lililorushwa kwa Kiarabu na kuteka watoto wa nchi nyingi za Kiarabu. Waliokulia Ufaransa walilijua kwa jina la Goldorak. Mkono ni uleule, ila safari hii haukumwandikia mtoto.

Kwa nini jina lina neno “crybaby”?

Kwa Kiingereza ni mtu wa kulialia, na Akira ndivyo anavyotaniwa. Shika neno hilo, kwa sababu hadithi yote inasimama juu yake. Katika kumbukumbu ya utotoni inayoonyeshwa mapema, Akira amempakata paka mchanga aliye mahututi. Ryo amesimama mbele yake na kisu cha kukatia karatasi: paka atakufa tu, ya nini kumtesa? Akira analia, kisha anamwambia Ryo kwamba na yeye analia. Ryo hajioni kama analia. Ukikiangalia kipande hicho kwa makini mwanzoni, sehemu ya 10 itakuumiza mara mbili.

Mbona uchoraji unaonekana kama haukumalizwa?

Ni makusudi. Yuasa anatumia mistari michache, rangi bapa, na miili inayorefuka na kupinda kama ubani uliotafunwa. Science SARU huchanganya michoro ya mkono na programu ya Flash, ambapo kompyuta husaidia kujaza mwendo kati ya mchoro mmoja na mwingine. Ndiyo maana mwendo unateleza kuliko anime nyingi, hata pale ambapo picha moja ukiisimamisha inaonekana rahisi mno.

Katika hadithi hii mtindo huo una kazi. Pepo humu hana umbo la kudumu: mdomo unafunguka tumboni, mkono unageuka kichwa. Ungechorwa mwili wenye kila msuli mahali pake, mageuzi hayo yangeonekana kama mavazi ya kubandika. Kwa mstari laini, mwili wenyewe ndio unaoyeyuka. Usihukumu kwa picha moja ya mtandaoni. Angalia dakika tano zinazotembea.

## Je, niiangalie?

Inatisha kiasi gani?

Si ile ya kukushtua ukiwa umekaa kimya. Ukiogopa milango inayojifungua yenyewe usiku, hapa haimo. Kinachotisha ni ukatili wa wazi, na baadaye watu wa kawaida wanaogeukana. Wengi wanaoiacha njiani huondolewa na damu na ngono za mwanzo. Wengi wanaoimaliza husema kilichowakosesha usingizi ni sehemu ya 9, ambayo mapepo karibu hawahusiki nayo.

Ni vitu gani hasa vinavyoonyeshwa? Nataka kujua kabla.

Swali zuri, na jibu lisifunikwe kwa neno “ukatili” pekee.

Sehemu ya 1 inaishia kwenye karamu ya usiku iitwayo Sabbath. Watu wako uchi, wanatumia dawa za kulevya, wanafanya ngono hadharani. Kisha Ryo anaanza kuwachoma watu kwa chupa iliyovunjika ili damu iwaite mapepo, na ukumbi wote unageuka machinjio. Sehemu ya 2 na ya 3 zina ngono na matamanio mengi, kwa kuwa mwili mpya wa Akira una njaa ambazo hakuwa nazo. Sehemu ya 4 ina pepo Jinmen, mwenye gamba kama la kobe ambalo juu yake hubaki nyuso za aliowala, zikiwa hai na zikizungumza. Mtu aliyefiwa na mzazi karibuni aiendee sehemu hiyo polepole. Sehemu ya 5 ni pambano na Silene, pepo mwenye mabawa: damu nyingi, na mapenzi ya ajabu ndani yake.

Kuanzia ya 7 mwelekeo unabadilika. Vitisho vinatoka kwenye televisheni na simu za watu, jeshi linaingia mitaani, majirani wanawindana. Ya 8 na ya 9 zina vifo vya watoto na vya familia nzima, na miili iliyokatwakatwa. Ubakaji na unyanyasaji wa kingono vinagusiwa pia katika safari hii.

Nani asiiangalie kabisa?

Watoto, bila mjadala (tazama sehemu ya wazazi hapa chini). Wenye kifafa kinachochochewa na mwanga pia wakae mbali nayo: karamu ya sehemu ya 1 ina taa za kumwekamweka kwa muda mrefu, na mapambano kadhaa yana rangi zinazopigana kwa kasi. Hatari hii si ya kufikirika. Tarehe 16 Desemba 1997 sehemu moja ya Pokémon huko Japani ilipeleka watoto zaidi ya 600 hospitalini kwa sababu ya mwanga wa namna hiyo. Kuwasha taa ya chumbani na kusogea mbali na kioo hupunguza makali kwa mtazamaji wa kawaida, lakini kwa mwenye kifafa si kinga ya kutegemea.

Na aliyeponea chupuchupu mikononi mwa watu wenye hasira, au aliyempoteza ndugu kwa njia hiyo, tungemshauri aiache. Hakuna deni la kumaliza anime.

Mimi ni mtu wa dini. Je, inafundisha kuabudu mashetani?

Hapana, haifundishi ibada yoyote. Lakini tuseme ukweli wote: Shetani ni mhusika humu, ana hisia, na hadithi inataka umhurumie. Mungu yupo kama nguvu ya mbali inayoadhibu, wala hasemi neno. Familia ya Miki ni Wakristo, na imani yao inapewa heshima. Kama kumwona Shetani akihurumiwa kunakukwaza, hakuna namna ya kuiangalia bila kukutana na jambo hilo, kwa sababu ndilo kiini.

Neno Sabbath pia huwachanganya wasomaji wetu, wakadhani kwamba Wasabato wanadhihakiwa. Haihusiani nao. Jina limetoka kwenye visa vya Ulaya vya zamani kuhusu mikutano ya usiku ya wachawi.

Je, hawa mapepo ni kama majini tunaowajua?

Ukiingia na picha ya majini utapotea. Majini wa pwani wana dini, wana koo, wengine wema, hupungwa kwa ngoma na huweza kukubaliana na mtu. Mapepo wa Nagai ni viumbe wa mwili, wanyama wa kale waliolala barafuni, wanaoungana na nyama ya kiumbe mwingine na kuichukua. Hakuna uganga unaowatoa. Akiingiwa, mtu amekwisha, isipokuwa wachache ambao moyo wao unashinda. Hao ndio wanaoitwa Devilman, na Akira si wa pekee.

Nimeangalia sehemu ya 1 nikachukia. Niendelee?

Inategemea ulichokichukia. Kama ni ngono, zinapungua sana baada ya sehemu ya 5. Kama ni damu, haipungui, ila inabadilika kazi: mwanzoni inamwagwa kama fataki, mwishoni kila tone lina jina la mtu uliyemzoea. Kama ulichukia kwa sababu hukuona mtu wa kumpenda, tunakusihi ufike ya 4. Akira anakutana na yaliyowapata wazazi wake hapo, na ndipo machozi yake yanaacha kuwa tabia ya kuchekwa.

Usiruke sehemu. Hata vijana wanaochana mitindo huru mtaani, ambao wengi hudhani ni mapambo, wanafanya kazi ya manju: wanaimba kile ambacho mtaa unakiogopa kabla mtaa haujakisema. Ukiwaruka, hutaelewa kwa nini kuna wakati unawalilia.

## Kuangalia kwa vitendo

Itakula bando kiasi gani?

Kwa mpangilio wa kuokoa data kwenye simu, Netflix hutumia takriban GB 1 kwa saa 6, kwa hiyo sehemu zote 10 zitakula MB 700 hivi. Kwa ubora wa kawaida hesabu GB 0.7 kwa saa, yaani karibu GB 3 kwa zote. Kwa ubora wa juu inaweza kufika GB 3 kwa saa, na hapo unakaribia GB 12.

Rangi bapa za Yuasa zinastahimili ubora mdogo kuliko anime yenye michoro ya kina. Panapoharibika ni kwenye taa za karamu na mapambano ya gizani: picha inabadilika haraka kuliko data inavyofika, ikavunjika vipande vya mraba. Dawa ni kupakua kabla kwa Wi-Fi, hasa sehemu za 1, 5 na 10.

Sauti ipi, Kijapani au Kiingereza?

Kijapani, kama macho yako yanamudu kusoma. Koki Uchiyama anamwigiza Akira kwa sauti mbili, ya kabla na ya baada ya kuingiwa, huku Ayumu Murase akimpa Ryo ubaridi ambao haupotei kirahisi. Mistari ya wachanaji pia ilitungwa kwa vina vya Kijapani.

Kuna mtego mmoja. Kwenye orodha ya maandishi kuna Kiingereza cha kawaida na Kiingereza cha wasiosikia, chenye alama ya CC. Cha CC hufuata sauti ya Kiingereza neno kwa neno na kuandika hata milio. Ukikichanganya na sauti ya Kijapani, utasikia sentensi imeisha huku maandishi yakiendelea, na maana mara nyingine haifanani. Chagua kile kisicho na CC.

Niimalize usiku mmoja?

Saa nne zinawezekana, lakini tusingekushauri. Mgawanyo unaokaa vizuri ni 1 hadi 5, kupumzika siku nzima, kisha 6 hadi 8, kisha 9 na 10 pamoja. Kuishia kwenye ya 9 halafu ukaenda kulala ni kosa ambalo watu hulitaja sana.

Nimejaziwa kwenye flashi. Kuna tatizo?

Mara nyingi lipo. Hesabu mafaili: yasipokuwa 10, umepewa pungufu, na linalokosekana kwa kawaida ni la mwisho. Kuna pia nakala zilizokatwa ngono na damu bila mpangilio, zikakata na mazungumzo yaliyobeba hadithi. Netflix ndiyo njia halali na ndiko iliko nzima.

## Kwa wazazi na walezi

Si ni katuni tu? Wanavaa hata sare za shule.

Hapo ndipo watu wazima wengi wanapoteleza. Japani huchora hadithi za watu wazima kama sisi tunavyoandika riwaya za watu wazima, na kuchorwa hakuifanyi kazi kuwa ya mtoto. Netflix yenyewe imeiweka kwenye kundi la watu wazima. Isiwekwe kwenye kibanda umiza ambako watoto wa mtaa hujipenyeza, wala sebuleni mchana.

Nitaizuiaje kwenye akaunti ya nyumbani?

Ingia netflix.com kwa kivinjari, si kwa programu ya televisheni. Fungua mipangilio ya akaunti, chagua profaili ya mtoto, weka nenosiri ukitakiwa, kisha teremsha kiwango cha umri. Hapohapo kuna nafasi ya kuandika jina la kipindi unachotaka kifungiwe. Andika Devilman Crybaby na uhifadhi.

Wengi huishia hapo, mtoto akafungua profaili ya baba na mambo yakaanza upya. Kwa hiyo ifunge kila profaili ya mtu mzima kwa namba ya siri ya tarakimu nne. Isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto.

Mwanangu ameshaiona. Nifanye nini?

Usianze na kiboko. Muulize ameona hadi wapi na ni kipi kinachomrudia kichwani. Aliyeona sehemu ya 1 tu ameona ngono na damu bila maana yoyote, na anahitaji mazungumzo ya wazi kuhusu hayo. Aliyefika ya 9 ameona watu wema wakiuawa na majirani, naye anahitaji kuambiwa kwamba nyumbani yuko salama. Akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, mpeleke kwa mshauri nasaha.

## Kwa waliomaliza

Onyo: kuanzia hapa mtama unamwagwa wote.

Ryo alikuwa akidanganya tangu mwanzo?

Hapana. Ryo ni Shetani mwenyewe, lakini alijisahaulisha. Alipomwingiza Akira kwenye karamu aliamini anawaokoa binadamu. Chini ya imani hiyo kulikuwa na jambo jingine asilolijua: alitaka Akira awe na mwili utakaodumu katika dunia mpya ya mapepo. Alimpenda, na hakuwa na jina la kuupa upendo huo.

Kwa nini Miki auawe vile?

Kwa sababu hakuuawa na pepo. Ryo alitangaza kwa dunia kwamba watu wanageuka mapepo, na kazi yote iliyobaki ikafanywa na woga. Miki aliandika mtandaoni kwamba anamwamini Akira, na kwa waliokuwa wakitafuta wa kumshuku, maneno hayo yakawa ushahidi dhidi yake. Msomaji wa Shinyanga au Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, hahitaji kuelezwa namna dhana inavyogeuka hukumu.

Kabla ya hapo kuna jibu ambalo hadithi inalitoa, na ni rahisi kulipita. Umati umewafunga watu na unataka kuwamaliza. Akira anasimama katikati, mikono ameitandaza, hapigani. Mawe yanamfika usoni naye analia tu. Kisha mtoto anatoka kwenye umati na kumkumbatia, na mikono iliyokuwa imeshika mawe inashuka. Umati ule unarudisha utu wake. Ule uliomfikia Miki haukukutana na mtu wa kusimama hivyo kwa wakati.

Kile kijiti cha mbio kina maana gani?

Miki, Miko na Akira ni wanariadha, na kijiti cha kupokezana kinarudi kila mara. Ryo ananyooshewa kijiti utotoni na hakipokei. Kwenye sehemu ya 10 kumbukumbu hizo zinarudi mfululizo, mtu baada ya mtu anakipokea na kukipeleka mbele, mpaka kinamfikia Ryo. Kilichokuwa kinapokezwa ni uwezo wa kulia kwa ajili ya mwingine. Anaupata akiwa amelala kando ya Akira, anazungumza naye kwa muda mrefu kabla hajatambua kwamba nusu ya chini ya mwili wa rafiki yake haipo.

Kwa nini mwishoni kuna miezi miwili?

Dunia imeteketezwa na kuanzishwa upya, na miezi miwili ni alama kwamba hii si ileile. Usomaji unaokubalika na wengi, na tunaoukubali pia, ni kwamba Mungu amemwadhibu Shetani kwa kumzungusha: dunia itarudi, Ryo atamkuta Akira, na atampoteza tena. Ukirudi sehemu ya 1 na maelezo hayo kichwani, maneno ya Ryo ya mwanzo kabisa yana uzito mwingine.

Kuna msimu wa pili?

Hakuna, na hadithi haikuacha mlango. Ukitaka zaidi, soma manga ya Nagai. Michoro ya 1972 itakuonekania ya kizamani kwa kurasa chache, kisha utasahau.